Sauti Kutoka Shimo la Soko

Jumamosi, 5 Aprili

Shule zilifungwa jana. Daftari hili nimelinunua dukani kwa Janeffer kwa sababu likizo hunitoroka. Nageuka tu, kengele ya muhula mpya imelia, na sijui nilifanya nini. Mara hii nitajua.

Mvua imefika. Ilishuka mchana kutoka upande wa Kericho, ikapiga mabati mpaka binti yangu Chepngeno akaziba masikio. Mama mkwe hakuziba chochote. Ni kiziwi tangu augue homa ya uti wa mgongo, mwaka mmoja kabla sijaolewa hapa. Alikaa jikoni akichambua mboga, mgongo kwangu. Nimekaa katika boma hili miaka tisa na bado sijui kama ananipenda. Mimi ni Mkisii, yeye ni Mkipsigis, na kati yetu kuna maneno yake machache ya kupaza sauti na ishara za mikono tu: maji, moto, mtoto, njoo ule.

Hapa Kapsirat, senta yetu ndogo mbele ya Litein, habari kubwa ni choo. Soko litapata choo cha kisasa. Jonah, mwenyekiti wa soko, anatembea kifua mbele kana kwamba choo ni chake. Trekta ilisukuma kando lile rundo la mawe lililokuwa kwenye kona ya soko, na mahali pake mzee Omariba anachimba shimo. Omariba ni wa kwetu, Mkisii, alikuja hapa kabla sijazaliwa. Ndiye peke yake anayeniita Bochaberi, jina la nyumbani. Wengine wote wananiita Mwalimu.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Lori la majani ya chai limechelewa tena. Kipkirui, mume wangu, amerudi amelowa na hasemi na mtu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilikuwa dukani kwa Janeffer tuliposikia Omariba akiita avutwe. Alitoka shimoni amejaa udongo mwekundu, midomo imekauka. Alikaa chini palepale kwenye matope.

"Hii shimo imefika mahali si yetu," alisema.

Kule chini kabisa, sururu yake ilitoboa ukuta wa shimo. Tundu likafunguka, la kutosha kupitisha kichwa cha mtu. Sururu ikamponyoka, ikaingia humo, na hakusikia ikianguka.

"Halafu hewa ikanipiga kwa uso. Baridi. Kama mtu amekaa ameshika pumzi siku nyingi, sasa ameiachilia."

Jonah alicheka. "Mzee, ni baridi tu ndio unaogopa? Rudi umalize kazi ya wananchi."

"Malizeni nyinyi."

Akaosha miguu kwa maji ya mtaro, akaenda nyumbani. Hakuna mwingine aliyetaka kushuka. Wameweka mabati mawili juu ya shimo na jiwe juu ya mabati.

Jumamosi, 12 Aprili

Ukungu tangu asubuhi. Sijaliona hata zizi kutoka mlangoni.

Jumatatu, 14 Aprili

Janeffer hakuitikia salamu yangu. Janeffer, ambaye ni soprano wangu bora katika kwaya ya kanisa ninayoifundisha, ambaye nilikesha kwake mwaka jana mto ulipomchukua mwanawe Kipchirchir! Nilidhani hakusikia, nikarudia. Akaendelea kupanga sabuni.

"Nimekukosea nini?"

"Mwalimu, toka kwa duka yangu."

"Niambie kwanza."

Ndipo akageuka. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Jana jioni ulikuwa nyuma ya hii ukuta. Nimesikia na masikio yangu. Umesema mtoto wangu hakuchukuliwa na mto, mimi ndio nilimwachilia nikiwa nasengenya watu kwa daraja."

Jana jioni nilikuwa nyumbani nikisuka nywele za Chepngeno. Nilimwambia hivyo. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mwizi anayejitetea.

"Sauti yako naijua," alisema. "Naimba mbele yako kila Jumapili."

Nimeandika haya mara tatu na kufuta.

Alhamisi, 17 Aprili

Si mimi na Janeffer tu. Waendeshaji wawili wa bodaboda, marafiki tangu utotoni, wamepigana stejini, pale wanapongojea abiria, mpaka mmoja akapoteza jino. Kila mmoja anasema alimsikia mwenzake. Mke wa mchungaji amerudi kwao Sigowet. Mwuza mboga haongei na dadake. Kila mtu Kapsirat amesikia kitu, na kila mtu anatembea ameinamisha kichwa. Sauti hizo husikika ukungu unaposhuka, kabla ya mvua.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nataka kuandika hili vizuri maana kesho nitajiambia niliota.

Kwaya ilikuja nusu. Janeffer alikuja, ila alisimama mwisho wa safu bila kunitazama. Tuliimba ubeti wa kwanza. Ukungu ulikuwa umegusa madirisha. Mwisho wa kiitikio nilikunja ngumi, ishara ya kukata sauti, na kwaya ikakata, safi kabisa.

Sauti moja ikaendelea.

Ilikuwa soprano. Ilikuwa ya Janeffer, na Janeffer alikuwa mbele yangu mdomo umefumba, mkono kifuani. Sauti ilitoka nje, upande wa soko. Iliimba ubeti wa pili wote, kisha wa tatu, na mimi niliyefundisha kwaya miaka yote hii niligundua kwamba haikuvuta pumzi hata mara moja. Mstari uliingia kwenye mstari kama maji yanavyoingia kwenye maji. Watoto walianza kulia. Mchungaji aliomba kwa sauti kubwa, na hiyo sauti nayo ikaomba naye, kwa sauti yake mchungaji.

Nje, Janeffer alinijia akanikumbatia. "Haukuwa wewe," alisema. "Nisamehe, haukuwa wewe."

Kwa hiyo sasa kila mtu anajua. Kanisa zima limesikia. Nilidhani kujua kutatosha.

Jumatano, 23 Aprili

Hakujatosha.

Leo nilikuwa nachuma chai upande wa chini wa shamba. Ukungu ulishuka ghafla hata sikuona kikapu changu mwenyewe. Ndipo nikamsikia Kipkirui nyuma ya safu ya pili, akiongea taratibu kama aongeavyo na binamu zake.

"Huyu Mkisii nimemchoka. Mvua ikiisha nitamrudisha kwao. Mtoto atabaki, ni wetu. Mama mwenyewe ameshasema."

Nilipasua michai nikielekea huko. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa hata na alama ya gambuti kwenye udongo. Kipkirui alikuwa kituoni akipimiwa majani, watu wengi walimwona.

Najua haikuwa yeye. Nimejiambia hivyo tangu alasiri. Jioni alinipa chai nikaangalia mdomo wake akiongea, nikatafuta yale maneno kwenye midomo yake. Aliniuliza mbona nimemkazia macho. Nilisema nimechoka.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeisikia tena. Maneno yaleyale, na moja jipya ambalo sitaliandika.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo nilifungasha. Niliweka nguo za Chepngeno kwenye mfuko na zangu juu yake. Kipkirui alikuwa ameenda Litein. Nilipanga tushike gari la kwenda Sotik, kisha Kisii, tukae kwa mama yangu mpaka akili itulie. Nilikuwa nikifunga zipu mama mkwe alipoingia na kibuyu cha mursik.

Aliona mfuko. Akaweka kibuyu mezani, akachukua kikombe, akanimiminia maziwa, akasubiri ninywe. Nilikunywa. Kisha akafunga mlango. Kawaida hupiga kelele aongeapo, kama viziwi wengi, lakini leo alinong'ona.

"Nasikia," alisema.

Nilidhani amepona. Nikaanza kuongea, akatikisa kichwa.

"Wewe sikusikii. Kuku sisikii, mvua sisikii. Nasikia hiyo tu. Ilianza Pasaka. Ni kitu ya kwanza nimesikia tangu nigonjeke, na ilikuwa sauti ya mwanamke hapo mlangoni. Ilisema, 'Kufa basi, mzee, nyumba iwe yangu.' Nikageuka, hakuna mtu. Nikajua inataka nidhani ni wewe."

Nilipiga magoti. Nilionyesha kifua changu, nikatikisa kichwa, nikatikisa tena. Alinishika viganja vyote viwili akavigeuza juu, kama mtu anayekagua viazi.

"Sauti yako mimi siijui. Haijawahi kuingia hapa." Aligusa sikio. "Hii mikono naijua. Niliumia mgongo mwaka ile, hii ndio ilinibeba choo, hii ndio iliniosha. Haikuwahi kunivuta kwa nguvu. Sasa mimi nitasikiza mdomo haina mtu, niache mikono?"

Nililia kama mtoto. Alingoja nimalize, kisha akaniambia kuhusu mawe. Alipoletwa hapa bibi harusi, wanawake walimfundisha kwamba ukipita kwenye ile kona unatupa jiwe na hupunguzi mwendo, na ukiitwa jina pale huitikii, hata ukiitwa na mama yako. Hakuambiwa sababu. Wale waliojua sababu walikufa zamani, na wajukuu wao wakaja kuona rundo la mawe bure, mahali pazuri pa choo.

Nimefungua mfuko. Nguo zimerudi sandukuni.

Jumatatu, 28 Aprili

Muhula wa pili. Darasa langu ni nusu. Tumefundishana hesabu za kugawanya, kila dirisha limefungwa.

Ijumaa, 2 Mei

Ng'ombe wa Jonah amekufa. Freshian, wa maziwa, tumbo limevimba kama ngoma. Daktari wa mifugo alisema ni majani mabichi yenye umande. Lakini Jonah alikuwa amesikia kitu kwenye ukungu: Omariba akicheka na mtu, akisema amemwekea yule ng'ombe dawa, na kwamba wataanza na ng'ombe wa Wakipsigis, kisha watoto.

Nilikutana na Jonah akivuka barabara na vijana nyuma yake. Nilimshika mkono.

"Mwenyekiti, ulikuwa kanisani. Uliona Janeffer amefunga mdomo. Si ulisikia?"

"Ile ilikuwa ya kanisa," alisema. "Hii nimesikia mimi mwenyewe."

Akautoa mkono wake kwangu, si kwa ukali. Na mmoja wa wale vijana, niliyemfundisha kusoma, akasema bila kuniangalia, "Mwalimu, wewe pia enda nyumbani. Wewe ni wao."

Nilikimbia kupitia nyuma ya maduka. Nilichelewa. Walikuwa wamemtoa Omariba nyumbani kwake, na mvua ilikuwa imekwisha kuanza, ile mvua nzito inayofanya kila kitu kiwe mbali. Alikuwa amekaa katikati yao mikono juu ya kichwa. Hakupiga kelele. Nilisikia fimbo, na sauti ya fimbo kwenye mtu aliyelowa sitaiandika.

Nilisukuma nikaingia. Na mbele yangu, miguu imetanuka, fimbo imeinuliwa, alikuwa Kipkirui.

Aliniona. Najua aliniona maana uso wake ulibadilika. Lakini fimbo ilikuwa imeshaanza kushuka, na aliiacha imalize safari yake.

Nililala juu ya mzee. Nilifumba macho nikangoja. Kitu kilinigonga bega. Kisha nikasikia Jonah akisema, "Basi, basi, huyo ni bibi ya mtu," na miguu ikaanza kurudi nyuma, mmoja mmoja, mpaka ikabaki mvua tu. Omariba alikuwa chini yangu, bado anapumua. "Bochaberi," alisema, "inuka, unanibana mbavu."

Janeffer ndiye aliyeleta gari la mboga kutupeleka hospitali Litein. Mkono umevunjika na kichwa kimeshonwa. Ataishi.

Kipkirui alikuja kwenye lango la hospitali akasimama nje. Sikumfuata.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua ya mawe. Chai yote imechanika, shamba limekuwa jeupe kisha jeusi. Mume wangu analala sebuleni. Mimi ndiye niliyeweka blanketi hapo.

Ijumaa, 9 Mei

Mkutano wa soko. Mchungaji aliuombea, na hata kabla ya amina watu walishaanza kunyoosheana vidole. Aliyesikia hiki, aliyesikia kile. Ukungu ulikuwa umefika stejini, na sasa zilisikika sauti nyingi kuliko watu. Mwanamume alikuwa akijibu tusi ambalo jirani yake hakulitoa. Niliziba masikio ya Chepngeno.

Mama mkwe alikuwa ameketi karibu nami. Aliinuka. Alivuka barabara taratibu hadi pale trekta iliposukumia yale mawe, akachagua moja, akalibeba kwa mikono miwili tumboni. Mkutano ukanyamaza kumtazama. Alifika shimoni, akasukuma kando jiwe na bati kwa mguu, akaangusha jiwe. Kisha akarudi kuchukua lingine.

Kutoka shimoni ukatoka ukelele wa mtoto aliyepigwa na jiwe.

Watu walisimama wote. Mama mkwe naye aliusikia, nilimwona akishtuka. Akaangusha jiwe la pili.

Giza lilikuwa linaingia. Imeamuliwa kesho asubuhi kila mwenye mikono aje.

Jumamosi, 10 Mei

Walikuja. Watu kutoka Litein hata Merigi walikuwa wamesikia habari, lakini waliobeba mawe walikuwa sisi wa Kapsirat. Wilibaro, magunia, ndoo. Mama mkwe alikaa na Chepngeno ngazini kwa Janeffer, amemshika mkono, mahali ambapo ningewaona. Nilimwomba hivyo, maana nilijua kitakachokuja.

Kilikuja. Mawe ya kwanza tu yaliposhuka, Chepngeno wangu alianza kulia shimoni. "Mama, mbona mnanirushia mawe? Mama, niko huku." Niliinua kichwa nikamwona kule ngazini, amevaa sweta yake ya kijani, akila ndizi. Nikatupa jiwe. Nikainua kichwa tena. Kila mtu alikuwa akifanya hivyo, akitafuta wa kwake kwa macho, kisha akitupa. Wanaume wazima walikuwa wanalia huku wakifanya kazi.

Janeffer hakuwa na wa kumtafuta.

Sikumfikiria. Mungu anisamehe, katika wote sikumfikiria yeye. Niligeuka nikamwona ameweka ndoo yake chini vizuri, kama mtu anayemaliza kazi. Alipita kati ya wanaume wawili, akashika ile kamba ya zamani ya kuvutia udongo, akateremka. Kamba ilikatika. Tulisikia akianguka.

Kila mtu aliacha. Kisha sauti yake ikapanda: "Mwalimu! Mguu wangu! Nitoeni!" Na papo hapo, juu yake, sauti yake tena: "Endeleeni tu, mimi nimefurahi, niko na mtoto wangu."

"Si yeye," Jonah alisema. Uso wake ulikuwa wa kijivu. "Hiyo ni ile kitu. Mwageni mawe."

"Sauti iache," nilisema. "Mtu tumemwona kwa macho akiingia. Yuko chini."

"Nani atashuka?"

Nilivua viatu.

Ndipo watu wakapisha, na nikamwona Omariba. Alikuwa ametoka hospitali asubuhi hiyo, bandeji kichwani, mkono umefungwa shingoni. Alikuwa na kamba mpya begani. Alinifunga mwenyewe, kiunoni na mapajani, kwa mkono mmoja na meno. Kisha akawageukia wale wanaume. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa anajua kwa nini.

"Mimi niko na mkono moja," alisema. "Kamba nitashika mbele. Wale walinipiga, washike nyuma yangu."

Walishika. Jonah alishika. Kipkirui alishika wa mwisho kabisa, akazungusha kamba mgongoni mwake.

Shimo lilikuwa na harufu ya jiwe lililopasuliwa. Mwanga ulipungua juu yangu mpaka ukawa kama sahani. Nikiwa katikati, nilimsikia Jonah juu akisema waziwazi, "Huyu pia ni Mkisii. Mwachilieni." Nikamsikia Kipkirui akijibu, "Sawa. Mama amekubali." Nikaning'inia pale. Sikuwa na njia ya kujua. Niliangalia kamba mbele ya pua yangu, nyuzi zake za buluu na nyeupe, nikangoja ilegee. Haikulegea. Ilishuka taratibu, mkono baada ya mkono, na sauti zao zikaendelea kupanga kifo changu huku kamba ikinishusha kama yai.

Janeffer alikuwa chini juu ya mawe, mguu umepinda. Alikuwa amelala ubavu na mkono wake umeingia kwenye lile tundu mpaka begani.

"Anasema ninyooshe kidogo tu," aliniambia. Alikuwa anatabasamu. "Bado kidogo nimshike."

Na kutoka tunduni mtoto akasema, "Mama, usiniache tena."

Ilikuwa sauti ya Kipchirchir. Nilimfundisha yule mtoto, ningeitambua popote. Nilitaka kumvuta Janeffer kwa nguvu, lakini angepigana nami, na nafasi haikuwepo. Nilimshika ule mkono mwingine.

"Janeffer. Muulize anaitwa nani."

"Mimi najua anaitwa nani."

"Muulize tu."

Aliuliza, kwa sauti ya mama anayecheza na mtoto. "Unaitwa nani wewe?"

"Kipchirchir," ilijibu sauti, mara moja, laini kama kioo.

Kipchirchir wetu alikuwa na kigugumizi. Jina lake mwenyewe lilikuwa mlima kwake. Darasani tulikuwa tunangoja, watoto wote wametulia, mpaka alipande na kulishuka. Niliona tabasamu likimtoka Janeffer usoni polepole. Akautoa mkono tunduni, akaushika kifuani, akalia kilio ambacho nadhani hakukilia hata siku ya mazishi. Sauti ile ikamwita tena, ikamwita kwa sauti yangu, kwa sauti ya mamake. Hakugeuka. Nikamfunga pamoja nami, nikavuta kamba.

Tulipofika juu, viganja vya wanaume vilikuwa vinavuja damu.

Tulifukia hadi jioni. Kadiri mawe yalivyopanda, sauti zilipungua; zikawa kama redio nyumba ya tatu, kisha kama nyuki, kisha hakuna. Hata hapo hatukuacha. Rundo sasa ni kubwa kuliko lile la zamani.

Jumatano, 14 Mei

Ukungu ulishuka mchana. Senta nzima ilisimama kusikiliza. Ukungu tu.

Jumapili, 18 Mei

Janeffer alikuja kanisani na mkongojo. Hakuimba. Watu wanasalimiana kwa upole mwingi, kama wageni.

Alhamisi, 22 Mei

Omariba anahama. Mwanawe amekuja na pikapu kutoka Kisii. Nilipofika, walikuwa wanapakia kitanda, na Kipkirui alikuwa amesimama uani ameshika kofia. Binamu zake na Jonah walikuwa wamemtuma awaombee msamaha wote. Alikuwa ameleta kondoo.

"Mzee," alisema, "ile sauti ilitudanganya. Tunaomba usiende. Sasa tumefunga hiyo shimo, imeisha."

Omariba alikaa kwenye kiti ambacho kilikuwa bado hakijapakiwa. Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa nayo.

"Sauti ilisema," alijibu. "Mimi pia ilinisemea mambo yenu, usiku na mchana. Ilisema mtakuja kuniua. Nikakaa kwa nyumba yangu bila panga, kwa sababu nilisema, hawa nimewajengea nyumba, watoto wao nimewabeba." Akamtazama Kipkirui. "Sauti haikuwa na mikono, kijana. Shimo mmefukia, sawa. Lakini wewe ulikuwa huku juu."

Kipkirui alivaa kofia, akashika kamba ya kondoo.

Kondoo alirudi nyumbani naye. Mimi nilibaki kumsaidia mzee kufunga masufuria. Aliniambia, "Bochaberi, na wewe ukitaka, pikapu iko na nafasi." Nilisema sijui. Ni kweli, sijui.

Ijumaa, 23 Mei

Kipkirui hajala tangu jana. Amekaa zizini anaangalia ng'ombe.

Jumamosi, 24 Mei

Asubuhi Kipkirui alioga, akavaa shati lake la kanisani. Alisimama mlango wa chumba ambamo hajalala tangu mwanzo wa mwezi.

"Naenda Litein, polisi," alisema. "Nataka kuandikisha. Jonah na wengine wamesema nikienda nimewauza. Nimewaambia nitasema yangu tu."

Sikusema nimekusamehe, maana bado. Nilijifunga leso yangu, nikaandamana naye.

Mvua ilikuwa nyepesi. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga sweta juu ya sare. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alikuwa amesikia habari za Kapsirat, kila mtu huku amesikia. Nadhani alitaka kumsaidia, maana aliweka kalamu chini na kuuliza kwa upole:

"Sasa, nani alikuambia umpige huyo mzee? Ulisikia nini?"

Nilimtazama mume wangu. Nilijua alichosikia, alikuwa ameniambia njiani, kwa mara ya kwanza. Alikuwa amesikia sauti yangu kwenye ukungu ikimwita mwoga.

Kipkirui aliisukuma ile kalamu kuelekea kwa afisa.

"Andika hakuna," alisema. "Andika nilitoka nyumbani na fimbo."